Sailensa inakujaza moshi machoni, au AR inakwama ukiivua? Soma maganda kabla hujanunua bloku ya gesi

Juzi usiku mdogo wangu mmoja tunayewinda nae nguruwe pori huku Texas alinipigia simu akiwa bado shambani, ananiambia "kaka, hii sailensa imenishinda, nikipiga risasi tatu tu macho yanawasha kama nimemenya vitunguu kilo nzima, nataka niagize bloku ya gesi ya kurekebisha sasa hivi, niambie ipi." Nikamwambia tulia kwanza, washa tochi, nipigie picha maganda yalipoangukia. Akashangaa, yeye analalamikia moshi mimi namuuliza maganda. Ila ndio hivyo jamani, maganda ndio yanasema bolti (kile chuma kinachofunga na kufungua chemba) inakwenda kasi gani, na bila kujua kasi ya bolti unaweza kununua bloku, kifaa cha dola mia na zaidi chenye skrubu ya kupunguza gesi inayosukuma bolti, halafu tatizo likabaki pale pale.

Naongea na wale ndugu zetu walioko Marekani wanaomiliki AR (bunduki za aina ya AR-15) kihalali na wana sailensa au wanasubiri kibali. Ukiwa nyumbani Kenya au Tanzania sheria ni nyingine kabisa, usijaribu kufananisha. Na hata huku Marekani sailensa hairuhusiwi majimbo yote, California na New York kwa mfano hapana, halafu kama una viza ya matembezi au ya mwanafunzi kwa kawaida hata bunduki yenyewe huruhusiwi kumiliki, mwenye green card ndio anaruhusiwa. Kuanzia 1 Januari 2026 ile kodi ya dola 200 iliyokuwepo tangu sheria ya 1934 imekuwa sifuri kwa sailensa, lakini fomu na alama za vidole na kibali cha ATF (idara ya serikali kuu inayosimamia silaha) viko vile vile, usije ukadanganywa kwamba siku hizi unachukua tu kama unanunua betri.

Kwanza elewa gesi inapita wapi

AR aliyoibuni Eugene Stoner miaka ya 1950 haina pistoni ya kusukuma fimbo kama AK. Mtutu una tundu dogo juu, risasi ikishalipita tundu lile gesi inapanda, inaingia kwenye bloku ya gesi, inageuka, inarudi nyuma kwenye mrija mwembamba mpaka kwenye ufunguo wa keria (kile kipua kilichofungwa kwa skrubu mbili juu ya keria, yaani chuma kinachobeba bolti), inaingia ndani ya keria na kuisukuma nyuma. Bolti inafunguka, ganda linatoka, springi inarudisha kila kitu mbele na risasi mpya inapanda. Basi.

Gesi inasukuma kuanzia risasi ilipopita tundu mpaka ilipotoka mdomoni mwa mtutu, na muda huo ni mfupi mno. Ukifunga sailensa mbele, presha haitoki haraka kama mwanzo, inabaki ndani ya mtutu muda mrefu zaidi, kwa hiyo keria inasukumwa zaidi na bolti inafunguka wakati mtutu bado una presha. Hapo ndipo moshi unapata njia mbili za kukufikia. Moja ni ile gesi iliyopita kwenye mrija. Nyingine ni gesi inayorudi moja kwa moja kupitia mtutu wenyewe, bolti ikishafunguka. Shika hii ya pili kichwani maana watu wengi wanaisahau, na ndio inayowafanya wanunue bloku halafu wakasirike.

Kuna jambo lingine, viwanda vingi vinatoboa tundu kubwa kuliko linavyotakiwa. Mtutu wa M4 wa inchi 14.5 wenye mfumo mfupi wa gesi unaoitwa kabini (carbine) una tundu la kama inchi 0.062, na M16 ya inchi 20 lina kama 0.093 kwa sababu tundu lenyewe liko mbali zaidi mbele. Ila mitutu ya sokoni ya bei poa mara nyingi tundu ni pana, sababu muuzaji hataki simu za wateja wanaosema risasi za bei rahisi hazizungushi bolti. Bunduki ya namna hiyo ina gesi nyingi hata kabla hujafunga sailensa, ukifunga ndio inakuwa balaa.

Kituo cha kuanzia: vua sailensa

Najua umekuja kwa sababu ya sailensa lakini anza bila sailensa. Toa magazini, vuta bolti, chungulia chemba, hakikisha iko tupu, halafu fungua sailensa ikiwa imepoa. Vaa miwani na vizuia masikio, hiyo haina mjadala. Tandika turubai upande wa kulia, piga risasi kumi polepole ukiwa umesimama sehemu moja, risasi zako za kawaida, kisha angalia maganda yamelala wapi.

Tunatumia uso wa saa kuelezea. Mdomo wa bunduki unatazama kwenye namba 12, na namba 3 ni kuliani kwako moja kwa moja. Nazungumzia namba zilizochorwa kwenye saa ya ukutani, sio saa tatu ya kwetu, kuna jamaa alichanganya hapo tukabishana nusu saa nzima. Maganda yakiangukia kati ya 3 na kama 4 na nusu, bolti inakwenda vizuri. Yakirukia mbele kwenye 1 au 2, bolti ina kasi sana, gesi nyingi. Yakirudi nyuma kwenye 5 au yanadondoka tu karibu na mguu wako kama yamechoka, bolti ni mvivu, gesi kidogo. Sio sheria ya Musa, springi ya ejekta (kipini kinachorusha ganda nje) na ile nundu ya kuzuia maganda pembeni zinaweza kubadilisha pembe, lakini kwa kuanzia hakuna kipimo cha bure kizuri kama hiki.

Mdogo wangu picha aliyonitumia maganda yalikuwa kwenye 1, mengine yameenda mbele mpaka majanini. Na hiyo alikuwa na sailensa. Nikamwambia kesho yake apige bila sailensa, yakaenda kwenye 2. Yaani bunduki ilikuwa na gesi nyingi toka ilipotoka dukani, sailensa imeongezea tu.

Dalili: moshi usoni, maganda yanarukia mbele, bunduki inapiga teke kali

Hii ndio gesi kupita kiasi ya waziwazi. Okota ganda moja ulichunguze kwa karibu, chukua hata kioo cha kukuzia. Ukingo wa kitako cha ganda utaona umeng'atwa au umepinda pale ekstrakta (kucha ya bolti inayovuta ganda) iliposhika, kwa sababu bolti ilikuwa inavuta ganda likiwa bado limejibana kwenye chemba kwa presha. Kwenye kitako pia unaweza kuona alama ndogo ya mviringo inayong'aa, imekwaruzwa pembeni, hiyo ni ejekta. Angalizo hapo: alama hiyo hiyo inaweza kutokana na risasi yenyewe kuwa na presha kubwa mno, kwa hiyo kama unajaza risasi mwenyewe nyumbani usikimbilie kulaumu gesi, rudi kwanza kwenye mizani yako ya baruti.

Kabla ya bloku jaribu kitu rahisi zaidi, bafa, yaani ule uzito unaokaa na springi ndani ya bomba la kitako nyuma ya keria. Bafa ya kawaida ya kabini ina uzito wa kama wakia 3, H kama 3.8, H2 kama 4.6, H3 kama 5.4. Ukitoka ya kawaida ukaweka H2 na springi nzuri, bunduki nyingi zinatulia na maganda yanahamia 3. Lakini elewa bafa haipunguzi gesi hata chembe, inachelewesha tu bolti kufunguka ili presha ipungue kidogo kwanza. Kama maganda yako yapo kwenye 1 hata ukiwa na H2, hapo sasa ndio bloku ya kurekebisha ina kazi ya kufanya.

Dalili: inakwama, na hujui ni gesi nyingi au kidogo

Hapa ndipo watu wanapotea njia kabisa. Unafyatua, bolti inarudi mbele, inagonga risasi katikati ya mwili badala ya kuisukuma kutoka nyuma, risasi inabaki na kovu ubavuni. Au bolti inajifunga kwenye chemba tupu, unavuta kifyatulio unasikia tu klik. Wote watakwambia "gesi kidogo, fungua." Inaweza kuwa kweli, bolti haikurudi nyuma ya kutosha kuipita risasi. Lakini inaweza pia kuwa kinyume chake kabisa, bolti imekwenda nyuma na kurudi mbele kwa kasi ambayo springi ya magazini haikuwahi kuinua risasi. Kovu ni lile lile, sababu mbili zinazopingana, na ukifungua gesi kwenye hiyo ya pili unazidisha ugonjwa.

Namna ya kuzitofautisha ni hii. Weka risasi moja tu kwenye magazini, piga, angalia kama bolti imebaki nyuma (magazini ikiisha inatakiwa ishikwe nyuma). Rudia mara tano, na magazini mbili tofauti. Haibaki nyuma na ganda limedondoka kwenye 5, au limebanwa wima kwenye dirisha kama bomba la jiko, hiyo ni gesi kidogo. Haibaki nyuma lakini ganda limeruka mbele kwa nguvu, hiyo ni kasi, yaani kile kishikio cha bolti hakikuwahi kupanda kabla bolti haijapita. Inabaki nyuma kila mara kwa risasi moja moja lakini magazini ikijaa inakwama kwenye risasi za mwanzo, cheki kwanza springi ya magazini kabla hujagusa skrubu yoyote, na jaribu magazini mpya.

Hili ndilo somo moja ningependa mtu alichukue hapa hata kama ataacha mengine yote, usizungushe skrubu kabla hujajua unaelekea upande gani.

Dalili: na sailensa inafanya kazi vizuri, bila sailensa inakwama

Ulirekebisha bloku ukiwa na sailensa, ikawa tamu, ukavua sailensa kwenda kupiga na rafiki, bunduki ikageuka ya kukokota kwa mkono. Hakuna kilichoharibika. Umeibania gesi kwa kiwango cha sailensa, na bila sailensa gesi ile haitoshi. Fungua kliki mbili tatu (zile hatua ndogo za skrubu ya bloku) utaona inafufuka.

Ila kuna ndugu yake huyu anayejificha zaidi, na yeye alinipata mimi. Nilirekebisha bunduki yangu mwezi wa Julai, joto la Texas mnalijua, na risasi za 5.56 zenye nguvu. Nikaiacha pembeni kabisa mwa kiwango, kliki ya mwisho inayozungusha, nilitaka ile laini laini. Januari asubuhi baridi imeshika nyasi, mafuta ndani ya bunduki mazito, na nilikuwa nimebeba .223 nyepesi za mazoezi. Risasi ya kwanza ilitoka, ya pili haikupanda. Kundi zima la nguruwe likaingia vichakani na shamba la mwenyeji wetu likaendelea kuchimbwa kama limepita trekta. Nimesimama pale na bolti imejifunga kwenye chemba tupu, iliniuma kweli, maana mzee yule alitualika kwa sababu alikuwa anategemea tumsaidie. Toka siku ile narekebisha kwa risasi dhaifu kuliko zote ninazozitumia, bunduki ikiwa baridi, halafu naongeza kliki moja au mbili juu ya pale inapoanza kubaki nyuma. Ulaini unaoupoteza ni mdogo sana.

Dalili: umefungua mpaka mwisho na bado ni mvivu

Hapa acha skrubu kabisa, tatizo halipo kwenye kurekebisha, gesi inapotea njiani au inatumika vibaya.

Anzia kwenye keria kwa sababu ni rahisi. Shika ule ufunguo wa juu kwa vidole uutikise, haitakiwi kucheza hata kidogo, na zile skrubu zake mbili lazima chuma kiwe kimegongwa kuzibana zisifunguke. Ukiona masizi meusi yametambaa chini ya ufunguo, gesi inatoroka hapo. Kisha pete tatu za gesi kwenye bolti. Vuta bolti mbele, simamisha keria juu ya meza ikiegemea uso wa bolti, iachie. Ikisimama yenyewe pete ni nzima, ikishuka kwa uzito wake mwenyewe badilisha, ni dola chache tu. Wale wanaokwambia upange mianya ya pete isilingane wala usihangaike, haina athari ya maana.

Halafu bloku yenyewe. Kama uliifunga mwenyewe au fundi wa mtaani aliifunga, uwezekano mkubwa tundu la bloku halijakaa juu ya tundu la mtutu. Bloku iliyosogea hata milimita moja inaziba sehemu kubwa ya njia, ukizingatia tundu la inchi 0.076, kwa mfano, halifiki milimita mbili. Bloku nyingi za kufungwa bila kile kikombe cha kushikia kava la mkono (kifuniko cha mtutu unachoshika) zinataka mwanya mdogo kati yake na bega la mtutu, kama unene wa kadi ya benki, na mtu akiisukuma mpaka igote inapita tundu. Soma karatasi ya mtengenezaji, sio bloku zote zinafanana kwa hili. Na mrija nao uangalie, una tundu upande mmoja tu kule mbele, tundu linatazama chini, nimewahi kuona umefungwa kichwa chini miguu juu na pini imeingia vizuri tu. Mwenye bunduki alikuwa amehangaika miezi miwili.

Cha mwisho ni springi ya bafa. Kuna watu wanaweka springi ya raifo kwenye bomba la kabini wakidhani springi ni springi. Ya kabini ikiwa huru inatakiwa iwe kati ya inchi 10 na 1/16 na 11 na robo. Ipime kwa rula.

Dalili: skrubu imeganda, au inajizungusha yenyewe

Masizi ya kaboni kwenye bloku ya gesi ni magumu kama lami iliyokauka. Bloku za zamani za skrubu tupu ukipiga risasi mia kadhaa na sailensa bila kuigusa, skrubu inakuwa sehemu ya bloku, na ukilazimisha spana ya L inalamba kona zote unabaki na shimo la duara. Iliwahi kunitokea na bloku moja ya bei nafuu, niliitoboa mpaka nikaitupa. Dawa ni kila ukimaliza kupiga, bunduki ikiwa tupu na imepoa, zungusha skrubu mwanzo mpaka mwisho kisha irudishe pale pale, ukihesabu. Hesabu ndio kazi yote. Ukipoteza hesabu unaanza upya. Paka na ile grisi ya kuzuia chuma kugandana inayovumilia joto kali, kidogo tu kwenye nyuzi.

Kinyume chake ni skrubu inayohama yenyewe kwa mtetemo. Kama bloku yako haina kliki ila ina skrubu ya pembeni ya kubania, hakikisha hiyo ya pembeni imekazwa. Na usiweke gundi nyekundu ya kawaida kwenye skrubu zinazoshika bloku kwenye mtutu, joto la pale linaishinda, wenye uzoefu wanatumia Rocksett ambayo ni ya aina ya kauri, halafu wanachimba kijishimo kidogo kwenye mtutu ili ncha ya skrubu ikae humo isiteleze. Hiyo kazi ya kuchimba kama huna jigi mpe fundi.

Dalili: kila kitu sawa, maganda yapo kwenye 3 na nusu, na bado macho yanawasha

Kumbuka ile njia ya pili ya moshi niliyosema uishike. Bloku inadhibiti gesi inayopita kwenye mrija tu. Gesi inayorudi kwenye mtutu baada ya bolti kufunguka haipiti kwenye bloku, kwa hiyo hata ukiibania mpaka pumzi ya mwisho itabaki kidogo. Ukifika hapa pesa yako ipeleke kwingine, weka mkono wa kukokia (ule wa kuvutia bolti nyuma) wenye ukingo wa kuzuia gesi (Radian wanao Raptor SD kwa ajili hiyo hiyo), au kama unanunua sailensa nyingine fikiria zile zinazopitisha gesi mbele badala ya kuifungia, HUXWRX ndio wanajulikana zaidi. Mpiga risasi wa kushoto ndio anaumia zaidi maana dirisha la maganda lipo mbele ya uso wake, nyie wenzangu wa mkono wa kushoto hili mlichukulie kwa uzito, moshi ule una madini ya plumbamu (lead) ndani yake na mnayavuta.

Sasa ipi ununue

Jiulize kwanza utakuwa unavua na kufunga sailensa mara ngapi, maana jibu liko hapo karibu lote.

Kama sailensa haitoki kamwe, bloku ya skrubu ya kawaida yenye kubania pembeni inatosha, unarekebisha mara moja unaiacha. Kiukweli mwenye bunduki ya namna hii akibadilisha mtutu akachukua wenye tundu dogo la kupimwa hahitaji hata bloku ya kurekebisha, kitu kisichozunguka hakiharibiki.

Kama unavua mara kwa mara, tafuta yenye kliki zinazosikika na kuhesabika, na skrubu inayofikiwa kwa mbele bila kufungua kava la mkono. SLR Rifleworks wanatengeneza za kliki, watu wanazipenda. Riflespeed wana ya kuzungusha kwa mkono bila spana, hiyo ni raha sana gizani ukiwa na glovu, ila bei yake imesimama na cheki kama kava lako lina nafasi ya kile kitasa. Kuna za Superlative Arms ambazo mbali na kubana zinaweza pia kumwaga, yaani badala ya kuziba njia zinaitoa gesi ya ziada nje kwa mbele. Mimi nimeipenda hiyo kwa sailensa sababu bolti inatulia vizuri, kubali tu kwamba masizi yatajaa ndani ya kava na kuna kimlio fulani pale mbele, ukitaka ukimya wa mwisho utakusumbua.

Kama bunduki ni ya kulinda nyumba, mimi binafsi siweki skrubu ndogo mahali ambapo maisha ya watoto yanategemea. Bafa nzito, springi mpya, risasi nzuri, na maganda yakae kwenye 2 na nusu hata kama macho yatawasha kidogo. Kuna wanaopinga, na hoja zao nazisikia, ila siku hiyo nataka gesi izidi kuliko ipungue.

AR ya risasi za .300 Blackout hii ndio bunduki inayostahili bloku kuliko zote, maana risasi zake nzito za mwendo wa chini ya sauti na zile nyepesi za mwendo wa kasi zinatoa gesi tofauti kabisa, na ukichanganya sailensa hapo unakuwa na hali nne kwenye bunduki moja. AR kubwa za .308 na 6.5 Creedmoor nazo mara nyingi zinakuja na gesi nyingi, utafaidika.

Usisahau kipenyo. Mitutu mingi pale bloku inapokaa ni inchi 0.750, ila kuna 0.625 kwenye myembamba na 0.875 au 0.936 kwenye minene. Pima kwa kalipa, usikisie kwa macho.

Kuipanga kwa hali zote mbili

Wazee waliopita jeshini wakabeba FAL ya Wabelgiji, na Kongo wapo wengi, hili wanalijua kabla yetu, ile bunduki ilikuwa na pete ya gesi yenye namba, na kwake kufungua pete ndiko kunakomwaga gesi nje na kuipunguza. Unafungua pete mpaka bunduki ishindwe, unafunga mpaka bolti ibaki nyuma kwenye magazini tupu, halafu unaongeza kliki mbili za akiba. Kwenye AR akili ni hiyo hiyo, ila hapa kufunga ndiko kunakopunguza gesi.

Bila sailensa, bunduki baridi, risasi yako dhaifu kuliko zote. Funga bloku mpaka mwisho. Risasi moja kwenye magazini, piga, bolti haitabaki nyuma, toa magazini, hakikisha chemba tupu, fungua kliki moja, rudia. Itafika mahali inabaki nyuma. Piga tano hapo hapo moja moja, zote zikibaki ongeza kliki mbili, hiyo ndio alama yako ya bila sailensa. Kisha funga sailensa, hakikisha imekaza na imenyooka na mtutu kwa ile fimbo ya kupimia inayopita ndani ya mtutu kabla hujapiga hata moja, funga bloku tena mpaka mwisho uanze upya kuhesabu. Ukiipata ongeza kliki moja. Maliza kila upande kwa magazini iliyojaa, upige haraka haraka, na uokote maganda uone yapo wapi.

Mimi hesabu zangu naandika kwa rangi nyeupe ya kucha ya mke wangu, ndani ya kifuniko cha boksi la bunduki, "wazi 9, sailensa 5", na nukta moja kwenye bloku. Gizani shambani kichwa hakikumbuki. Na kama wewe ni wa kuvua sailensa mara mbili kwa mwaka tu, acha kwenye alama ya bila sailensa moja kwa moja, ukifunga sailensa bolti itakimbia kidogo lakini bunduki haitakwama.

Mdogo wangu mwisho wake aliweka H2, maganda yakaja 2, akaongeza bloku ya kliki, sasa hivi yapo 3 na nusu na sailensa. Moshi upo kidogo bado, wiki ijayo tunabadilisha mkono wa kukokia.